Msilaumu Bega, Tazameni Mkanda

Na mpiga besi wa bendi ya shule, Kidato cha Tatu

Walimu wangu waheshimiwa, wanafunzi wenzangu, na wewe msomaji uliyelichukua jarida hili ili usahau njaa huku ukingojea kengele ya githeri, hamjambo? Mimi sijambo. Lakini kwa muda wa muhula mzima bega langu la kushoto lilikuwa na jambo, na jambo lenyewe ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimeikariri tangu shule ya msingi. Nimeitumia katika insha nikapewa alama na vema tatu za wino mwekundu. Leo naomba ruhusa niipinge. Naipinga si kwa ubishi wa vijana, la hasha! Naipinga kwa sababu niliwahi kumchoma mtu nayo, kisha nayo ikanigeukia.

Maoni yangu ni haya, na nayasema mapema ili mvivu wa kusoma asije akadai nilimficha: chombo kikimwumiza anayekitumia, kwanza kikaguliwe chombo, ndipo alaumiwe mtu. Mfano wangu ni gitaa la besi la bendi yetu. Najua wengi hamjawahi kulivaa. Kitanda usichokilala hujui kunguni wake. Basi kaeni hapo niwaeleze kunguni wa kitanda hiki.

KISA CHENYEWE

Bendi yetu ina gitaa moja tu la besi. Ni la mbao nzito, refu kama mwiko wa kupikia ugali wa shule, na rangi yake imechubuka. Siku moja nililipeleka stoo ya jikoni nikalipima kwenye mizani ya maharagwe. Likaja kilo 4 na nusu.

Utasema, aa, kilo 4 na nusu ni nini? Mama zetu hubeba watoto wazito kuliko hapo kutoka sokoni hadi nyumbani. Kweli kabisa. Lakini mama humfunga mtoto kwa leso pana, katikati ya mgongo, akamkaza vizuri. Besi yetu ilikuwa ikining'inia kwa mkanda uliong'olewa kwenye begi la vitabu, upana wake sentimita 3, tena juu ya bega moja. Jaribu kumbeba mtoto kwa mkanda wa begi uone kama utafika nyumbani ukiwa na furaha.

Mwaka juzi aliyekuwa akilipiga ni dada mmoja wa kidato kilicho mbele ya changu. Jina lake silitaji, maanake sijamwomba ruhusa. Dada huyu ana sikio, bwana! Wimbo akiusikia mara moja redioni jioni, kesho asubuhi anaijua besi yake. Lakini kila tulipofanya mazoezi kwa dakika ishirini hivi, alikuwa akiliweka gitaa chini, anajisugua bega, anakunjakunja kifundo cha mkono wa kushoto. Sisi wavulana tukaanza kucheka. Mmoja akasema besi ni kazi ya wanaume. Mwingine akasema ampishe mwenye misuli. Nami, kwa sababu ya kujiona bingwa wa methali, nikasema kwa sauti ya juu ili kila mtu asikie, "Mchagua jembe si mkulima!"

Watu wakacheka sana. Yeye hakujibu. Alilivua gitaa, akalilaza polepole juu ya kiti, akatoka. Hakurudi tena kwenye bendi. Na kwa vile mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mrefu, mwalimu mlezi wa bendi akanigeukia akasema, "Haya mkulima, jembe hilo hapo."

Jamani, msicheke maskini akilia. Wiki ya kwanza nilijikaza kisabuni. Wiki ya pili mstari mwekundu ulitokea begani kama nimechapwa kiboko. Wiki ya tatu vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi. Na kulikuwa na tatizo jingine ambalo yule dada hakuwahi hata kulisema: ukiliachia gitaa lile kidogo tu, kichwa chake kinaanguka chini kama mwanafunzi anayesinzia wakati wa prepu. Kwa hiyo mkono wa kushoto ulikuwa na kazi mbili: kubonyeza nyuzi, na kuibeba shingo isianguke. Mkono mmoja hauwezi kazi mbili hizo. Lakini ningesemaje, nami ndiye niliyetoa methali?

TULIVYOAIBIKA HOMA BAY

Muhula wa pili mwaka jana tulialikwa kupiga muziki katika shule moja ya Homa Bay. Tukapanda basi hapa Migori, tukapita mashamba ya miwa ya Awendo, tukafika Rongo tukakata kushoto, tukapitia Rodi Kopany, tukateremka hadi tukaliona ziwa na kilima cha Asego. Tulikuwa tumevaa tai. Tulijiona akina sisi.

Tukapiga benga. Enyi wasomaji mnaotoka mbali, acheni niwakumbushe benga ni nini. Ni muziki uliochipuka huku kwetu Nyanza katika miaka ya 1950 na 1960, pale wapiga gitaa walipojaribu kuyafanya magitaa yaseme kama nyatiti. Hapa kusini tunajivunia kuwa karibu na chemchemi yake. Daniel Owino Misiani, aliyevuma na Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka wa 2006, alizaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka, upande wa Tanzania. Na wazee wetu bado wanawataja akina George Ramogi na Collela Mazee kama wanaotaja majirani. Katika muziki huu besi haikai nyuma ikinong'ona. Inakimbia, inasukuma, inajibizana na solo. Besi ikinyamaza, wachezaji wanasimama kama gari lililoishiwa na mafuta.

Basi ilinyamaza. Ilikuwa wimbo wa sita. Tulikuwa tumesimama kwa dakika arobaini hivi, ukumbi umejaa, vumbi linatimka. Vidole vyangu vikaganda. Nilipojaribu kuvikunjua, shingo ya gitaa ikaniponyoka, kichwa kikaanguka na kugonga stendi ya maikrofoni. Ngwaa! Mpiga ngoma akanitazama. Wasichana wa mstari wa mbele wakanitazama. Mwenyeji mmoja akapiga kelele, "Mpeni kiti mzee!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nilipokwenda kuketi nyuma ya ukumbi sikuifikiria aibu yangu. Nilimfikiria yule dada. Alikuwa amevumilia miezi kadhaa kitu ambacho mimi, mwanamume mwenye methali, kilinishinda kwa muda mfupi.

Kabla ya kuanza safari ya kurudi, mwalimu alituomba tupitie ufuoni anunue samaki. Mimi nikashuka na besi yangu begani, maanake sikuuamini ulinzi wa basi lile. Alikuwako mzee mmoja akitengeneza wavu. Akanitazama weee, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, "Nyathina, mbona kitu yako inaangalia chini kama ina huzuni?" Nikamwambia ndivyo lilivyo. Akacheka. Akanionyesha wavu wake: juu kuna maboya, chini kuna vipande vya risasi. Akasema risasi zikizidi wavu unazama wote, maboya yakizidi unaelea kama nguo, na kwamba wavu ukilala vibaya majini mvuvi hautukani, anaupanga upya. Halafu akachota vipande vichache vya risasi kuukuu akanitilia mkononi. "Jaribu upande wa pili," akasema.

Mzee yule hakujua chochote kuhusu gitaa. Lakini mimi niliyekuwa na gitaa kila siku sikuwahi kufikiria kulipanga.

KWA NINI LINAUMA?

Tuliporudi nilimwendea mwalimu wa Fizikia. Hakunicheka. Alichora ubaoni, na yaliyofuata ndiyo niliyoyaelewa.

Gitaa la besi la umeme ni chombo cha kusimama nacho kwa makusudi. Hapo zamani besi ilipigwa kwa kontrabasi, lile fidla kubwa linalomzidi mtu kimo na ambalo husimamishwa sakafuni. Uzito wake ulibebwa na ardhi. Mwaka wa 1951 Leo Fender wa California, Marekani, akaanza kuuza besi ya kuvaliwa mwilini kama gitaa. Ikawa rahisi kusafiri nayo, lakini uzito ukahama kutoka ardhini ukaja begani. Nyuzi zake, tangu zinapoanzia hadi zinapoishia, zina urefu wa sentimita 86 hivi, ilhali gitaa la kawaida lina 65 hivi. Shingo ndefu, vigingi vizito vya kukazia nyuzi mwishoni mwa shingo, na bega moja la kubeba vyote. Hilo ndilo tatizo.

Linganisha na nyatiti ya babu zetu. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, ala imelala chini mbele yake. Nyuzi 8 ziko mahali mikono inapofika bila kujinyonga. Kidole gumba cha mguu kina pete ya chuma ya kugongea mdundo. Hakuna kinachoning'inia. Aliyeitengeneza nyatiti aliutazama mwili wa mtu kwanza. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba kulitengeneza gitaa likukae vizuri ni uzungu au ulegevu. Ni desturi ya kwetu.

Sasa kuhusu kichwa kuanguka. Kila kitu kina kitovu cha uzito. Gitaa hushikwa na mkanda mahali pawili: kifungo cha nyuma, chini kwenye mkia, na kifungo cha mbele. Kitovu cha uzito kikiwa katikati ya vifungo hivyo viwili, gitaa linatulia. Kikiwa nje, upande wa kichwa, kichwa lazima kishuke, hata mpigaji awe Samsoni. Ndiyo maana katika besi nyingi pembe ya juu ya mwili imerefushwa mpaka karibu na fureti ya 12 (fureti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), na kifungo kikawekwa kwenye ncha ya pembe hiyo. Besi zenye pembe fupi zinajulikana duniani kote kwa kuinamisha kichwa.

Tukaligeuza gitaa letu tukalitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Lahaula! Kwenye ncha ya pembe kulikuwa na tundu tupu. Kifungo kilikuwa kimeng'oka miaka iliyopita, na mtu fulani, badala ya kukirudisha mahali pake, alikuwa amekipigilia nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Yule dada alikuwa akipigana na skrubu moja iliyowekwa pasipo pake, na sisi tukadhani anapigana na udhaifu wake.

TULICHOFANYA

Nitayataja kwa ufupi ili mwenye gitaa la namna hii kanisani kwao au kijijini afaidike.

Kwanza, kifungo. Seremala wa shule aliziba tundu kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, akasubiri ikauke, akakirudisha kifungo kwenye ncha ya pembe kwa skrubu mpya. Siku hiyo hiyo kichwa kikaacha kuanguka kwa kasi. Kikawa kinashuka polepole tu.

Pili, mkanda. Kwa mafundi wa Jua Kali hapa Migori nilinunua mkanda wa kiti cha gari bovu. Upana wake ni karibu sentimita 5, na haukatiki. Mshona viatu akauongezea pale begani kipande cha ngozi cha upana wa sentimita 9, upande wa ndani wenye kukwaruza ukielekea chini. Hapo kuna faida mbili. Ngozi inayokwaruza haitelezi kwenye shati, kwa hiyo kichwa hakishuki tena hata kidogo. Na upana umekuwa mara tatu ya ule mkanda wa begi, kwa hiyo shinikizo juu ya bega limekuwa theluthi moja tu ya lilivyokuwa. Gitaa ni lile lile la kilo 4 na nusu, lakini bega linaona kama limebadilishiwa mzigo. Wanafunzi wa Fizikia, kani mnaigawanya kwa eneo. Hesabu fanyeni wenyewe.

Tatu, risasi za mzee wa Homa Bay. Nilizishonea ndani ya kitambaa kigumu, nikakifunga kwenye mkanda upande wa mkia. Zilisaidia, lakini kila gramu unayoongeza mkiani bega ndilo linaloilipa. Baada ya ngozi kushonwa nilitoa karibu zote, nikaacha chache tu. Tena risasi ni sumu: usiiguse kisha ukala, na usiiache wazi watoto wakaichezea.

Nne, urefu wa mkanda. Keti kitini na gitaa kwenye paja, mahali unapopiga vizuri. Sasa vaa mkanda uufupishe mpaka ukae sawasawa ukiwa umeketi. Simama. Gitaa linatakiwa libaki palepale lilipokuwa. Kama limeteremka hadi magotini, mkanda ni mrefu mno. Siku hizo nilikuwa nimeuteremsha kwa sababu ya kuiga video, na kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda kama shingo ya bata. Ndicho kilichokuwa kikiua vidole.

Tano, shingo ielekee juu kidogo, isilale kama boriti. Ukiiinua, mkono wa kushoto unanyooka. Na kule mwanzoni mwa shingo ambako fureti zimeachana sana, usilazimishe kila kidole kuwa na fureti yake. Tumia kidole cha shahada, kisha cha kati, kisha cha pete na cha mwisho vikisaidiana kama kimoja. Wapiga kontrabasi wamefanya hivyo tangu zamani, nao si wavivu.

Sita, nyuzi. Zetu zilikuwa juu ya shingo hivi kwamba kalamu ya risasi ilipita chini yake kwenye fureti ya 12. Tulizishusha kwa kispana kidogo pale kwenye daraja, zikabaki milimita 3 hivi. Kidole hakihitaji tena nguvu za kukamua nguo.

Gharama? Mkanda wa gari sh. 100, ngozi na ushonaji sh. 250, skrubu sh. 20. Jumla sh. 370. Risasi zilikuwa zawadi. Kwa pesa zisizofika hata bei ya jogoo, tungalimhifadhi mpiga besi bora kuliko mimi.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Nimeyatoa maoni haya katika mkutano wa Chama cha Kiswahili, na wako walionipinga. Nawaheshimu, lakini nawajibu.

Wa kwanza alisema, "Kama anaumia si apige akiwa ameketi?" Kuketi si aibu. Carol Kaye, mwanamke Mmarekani aliyepiga besi katika rekodi nyingi mno za Los Angeles miaka ya 1960, alifanya kazi studioni akiwa ameketi. Nami wakati wa mazoezi huketi. Lakini jukwaani benga ni ngoma ya mwili mzima. Mpiga besi lazima amwone mpiga ngoma, azunguke na wenzake, awavute wachezaji. Anayetaka kuketi aketi kwa hiari yake, asiketishwe na mkanda mbovu.

Wa pili akasema, "Anunuliwe gitaa jepesi." Ni kweli yapo. Besi ya Höfner ya umbo la fidla, aliyoinunua Paul McCartney huko Hamburg mwaka wa 1961, ni tupu ndani na ni nyepesi sana, na nyuzi zake ni fupi kuliko za besi ya kawaida. Lakini sisi tuna hili tulilo nalo. Na hata gitaa jepesi, likifungwa kwa mkanda wa begi na kifungo pasipo pake, litaumiza tu.

Wa tatu, ambaye ni rafiki yangu, akasema wazee wa benga walisimama usiku kucha hadi alfajiri na hawakulalamika. Nani alikwambia hawakulalamika? Kwenye rekodi tunasikia besi, hatusikii mgongo wa aliyeipiga. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Halafu mtu anayepata riziki kwa gitaa hulitunza na kulifunga apendavyo. La shule ni la kila mtu, kwa hiyo halimfai yeyote mpaka mtu ajishughulishe nalo.

Wa nne hakusema hadharani, alinong'ona: kwamba wasichana hata ukiwafungia sponji hawaiwezi besi. Huyu sina haja ya kumjibu kwa maneno mengi. Nyatiti yenyewe kwa desturi ilikuwa ya wanaume. Kisha akaja mwanamke kutoka Japani, Eriko Mukoyama, akafundishwa huko Siaya, akawa mpiga nyatiti anayejulikana kwa jina la Anyango. Kama nyatiti haikuvunjika kwa kupigwa na mwanamke, besi ni nani?

OMBI LANGU

Walimu wangu, sisemi kwamba mwanafunzi asivumilie. Kujifunza besi kunauma. Ncha za vidole lazima ziwe ngumu, na mgongo lazima uzoee. Hayo ni maumivu ya kazi, na mtu akiyakimbia hafiki popote. Lakini ganzi ya vidole, alama nyekundu begani, na mkono unaobeba badala ya kupiga, hayo si maumivu ya kazi. Hayo ni maumivu ya skrubu. Kuyavumilia hakumfanyi mtu kuwa hodari, kunamfanya aache.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mwanzo wa kila muhula, ala zote za bendi zikaguliwe kama vitanda vya bweni vinavyokaguliwa. Kila gitaa lipewe mkanda mpana unaoweza kurefushwa na kufupishwa, maanake mabega yetu si sare kama mashati. Na la tatu, ambalo halina gharama: mwanafunzi akisema kitu kinamwumiza, swali la kwanza liwe, "Kinakuuma wapi?" Lisiwe, "Wenzako mbona hawaumii?" Swali hili lifike hata nje ya bendi. Liko dawati katika darasa letu ambalo kila anayeliketia anaitwa mvivu kwa sababu anainama. Yako majembe katika shamba la shule yenye mipini mifupi hata mtoto wa chekechea angepinda mgongo. Wahenga walijua mengi, lakini nina hakika aliyesema mchagua jembe si mkulima hakupewa jembe lenye mpini uliovunjika.

Nimalizie kwa yule dada. Mwezi uliopita, wakati wa chakula cha mchana, nilimwomba aje stoo ya ala. Alikuja kwa shingo upande. Nikampa besi, akaurekebisha mkanda mpaka ukamkaa. Akasimama. Akaachia mikono yote miwili, na gitaa likabaki palepale lilipo, halikuinama wala halikuteleza. Alilitazama kwa muda. Kisha akapiga ule wimbo uliotushinda Homa Bay, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata mara moja.

"Kumbe lilikuwa gitaa," akasema.

Nilimwomba msamaha. Alinisamehe, lakini alikataa kurudi kwenye bendi. Yeye sasa ni mtahiniwa wa KCSE, na muda wa bendi umempita. Muda huo sisi tuliupoteza kwa kicheko na methali moja, na hakuna fundi wa Jua Kali anayeweza kuushona.

Basi ndugu zangu wa vidato vya chini, besi iko stoo, nyuma ya mlango, mkanda wake mweusi. Mwenye kutaka kujaribu, awe mvulana au msichana, na aje. Mtu wa mwisho kuuvaa ni yeye, naye ameufupisha. Wewe urefushe mpaka ukukae.